Mzio wa Mapafu: Ishara Zinazokosa wa Kuzikomesha

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu mzio wa mapafu ni mawili, na yote yanapotosha. Wapo wanaosema kwamba mtu anayebanwa na kifua kila anapokutana na vumbi au chavua ana kinga dhaifu, na wapo wanaosema kwamba kinga yake ni kali kupita kiasi. Tofauti ya kauli hizi ni ya juu juu tu, kwa kuwa zote zinaichukulia kinga kuwa kitu kimoja chenye nguvu nyingi au chache, kinachoweza kuongezwa au kupunguzwa kwa ujumla wake. Mapafu hayafanyi kazi hivyo. Kinachoamua iwapo chembe ya vumbi itapita bila mtu kuhisi chochote, au itamkesheza akiwa ameketi kitandani anahema, ni mfululizo wa ishara za kikemikali ambazo seli hutumiana: ni seli ipi iliyotangulia kutoa ishara, ni ipi iliyoipokea, ishara ilidumu kwa muda gani, na iwapo ilitokea ishara nyingine ya kuikomesha. Naandika kutetea hoja kwamba sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyopuuzwa zaidi, na kwamba matibabu ya pumu itokanayo na mzio yanapaswa kupimwa kwa uwezo wake wa kuurudisha udhibiti uliopotea, wala nafuu ya saa chache isichukuliwe kuwa ushahidi wa kutosha.

Uzito wa jambo lenyewe hauhitaji kutiwa chumvi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa wakiishi na pumu, na kwamba watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Si kila pumu hutokana na mzio; ipo inayoanza ukubwani bila kichochezi kinachojulikana, na ipo inayohusu zaidi seli nyeupe za damu ziitwazo nutrofili. Hata hivyo, kwa watoto walio wengi na kwa sehemu kubwa ya watu wazima, kiini cha tatizo ni mchochota wa mzio, yaani hali ya kuta za njia za hewa kuvimba, kujaa seli za kinga na kutoa ute mwingi kwa sababu ya kitu ambacho chenyewe hakina madhara. Kitu hicho nitakiita kizio.

Ni vyema kuanza na mapafu yenye afya, kwa sababu ukimya wao hudhaniwa kuwa hali ya kutofanya chochote. Mtu mzima huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku, na hewa hiyo hubeba chavua, mbegu za kuvu, vipande vya bakteria na mabaki ya wadudu. Kama kila chembe ingejibiwa kwa mapambano, tusingeweza kupumua. Makrofaji, yaani seli za kinga za kumeza uchafu, wanaokaa ndani ya vifuko vya hewa humeza sehemu kubwa ya uchafu huu bila kuita msaada, na huendelea kuwa watulivu kwa sababu seli za utando zinazowazunguka huwapa ishara za utulivu kila wakati, zikiwamo zile za TGF-beta na za molekuli ya CD200 inayogusana na kipokezi chake juu ya makrofaji. Pamoja nao zipo seli T dhibiti, ambazo hutoa intaleukini ya 10 (kwa kifupi IL-10) na kuzizuia seli nyingine kuchukua hatua dhidi ya vitu visivyo na hatari. Ukimya wa mapafu ni kazi inayofanywa saa zote.

Kwamba kazi hii ni ya lazima tunalijua kwa uhakika kutoka kwa watoto wachache sana wanaozaliwa wakiwa na hitilafu katika jeni iitwayo FOXP3. Shimon Sakaguchi alionyesha mwaka 1995 kwamba lipo kundi la seli T ambalo kazi yake ni kuzizuia nyingine. Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaitambua jeni hiyo mwaka 2001, na baadaye ikadhihirika kwamba ndiyo inayoziongoza seli za Sakaguchi. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Watoto wasio na FOXP3 inayofanya kazi hushambuliwa na kinga yao wenyewe, na pamoja na mashambulizi hayo huwa na ukurutu mkali, kiwango kikubwa cha IgE, kingamwili za mzio, na wingi wa eosinofili, aina ya seli nyeupe, katika damu. Hakuna aliyewaongezea vizio. Kilichoondolewa ni ishara ya kuzuia peke yake, na mzio ukajitokeza. Ushahidi huu naupa uzito kuliko mwingine wote nitakaoutaja, kwa sababu unatenganisha sababu mbili ambazo katika maisha ya kawaida huja pamoja.

Basi ukimya huo huvunjwaje? Kwa muda mrefu wataalamu walianza hadithi na kingamwili. Leo tunajua kwamba inaanza mapema zaidi, kwenye seli za utando wa njia za hewa, ambazo zamani zilifikiriwa kuwa ukuta tu. Chukua mfano wa utitiri wa vumbi la nyumbani. Kinyesi cha utitiri kina kimeng'enya kiitwacho Der p 1, ambacho hukata protini zinazozishikanisha seli za utando, hivyo kufungua mianya kati yake. Kizio kingine cha utitiri huohuo, Der p 2, kina umbo linalofanana na protini ya mwili iitwayo MD-2, ambayo kwa kawaida hukisaidia kipokezi cha TLR4 kutambua sumu ya bakteria. Kwa mfanano huo, kizio huweza kukiamsha kipokezi hicho hata pale ambapo sumu ni kidogo mno. Kwa hiyo utando hupata taarifa mbili kwa mpigo: kwamba umejeruhiwa, na kwamba huenda kuna bakteria. Nao hujibu kwa kutoa saitokini (protini zinazobeba ishara kati ya seli) tatu za tahadhari, yaani TSLP, IL-25 na IL-33.

IL-33 inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake unaweza kuona suala zima la udhibiti. Seli huitunza ndani ya kiini chake, imeshikana na kromatini (DNA pamoja na protini zake), tayari kwa matumizi. Seli inapokufa kifo cha mpangilio, vimeng'enya vya kaspesi huikata IL-33 katikati na kuiondolea nguvu, ili kifo cha kawaida kisizue taharuki. Seli inapopasuka kwa jeraha, IL-33 humwagika ikiwa nzima, na vimeng'enya vinavyoikuta nje, vikiwamo vile vya nutrofili, vya seli masti (seli za kinga zinazohifadhi kemikali za mzio) na hata vya vizio vyenyewe, huikata mahali pengine na kuifanya iwe kali zaidi. Lakini hata hapo mwili umeweka kikomo: ikishatoka nje, oksijeni huibadilisha umbo ndani ya saa chache hadi isiweze tena kushikana na kipokezi chake, ST2, na nakala za kipokezi hicho zinazoelea katika damu hunasa sehemu ya kile kilichobaki. Ishara moja tu ina vizuizi vitatu, kimoja kabla haijatoka na viwili baada ya kutoka. Anayesoma haya hawezi tena kuuliza tu ni nini kilichouwasha mchochota. Atauliza pia vizuizi vyote hivi vilikwenda wapi.

Jeni za binadamu zinaunga mkono umuhimu wa ngazi hii. Uchunguzi mkubwa wa jeni uliochapishwa mwaka 2010 ulizitaja jeni za IL-33 na za kipokezi chake miongoni mwa zile zinazohusishwa na hatari ya kupata pumu. Mwaka 2017 watafiti walieleza badiliko adimu la jeni ya IL-33, walilolikuta kwa watu wa Iceland, ambalo hulemaza saitokini hiyo. Walionalo wana eosinofili chache katika damu na hupata pumu mara chache kuliko wenzao.

Wapokeaji wa kwanza wa ishara za utando ni seli ambazo hazikujulikana hadi karibuni. Mwaka 2010 makundi ya watafiti wa Japani, Uingereza na Marekani, kila moja kwa njia yake, yalieleza limfosaiti za asili za aina ya pili, zinazofupishwa kama ILC2. Hizi hazina kipokezi cha kutambua kizio chochote mahususi. Zinasikiliza ishara za tahadhari tu, na ndani ya saa chache zinatoa IL-5 na IL-13 kwa wingi. Wakati huohuo seli dendriti, zikiwa zimeshawishiwa na TSLP, hubeba vipande vya kizio hadi kwenye tezi za limfu na kuzifundisha seli T changa kuwa seli T saidizi za aina ya pili, aina ambayo Timothy Mosmann na Robert Coffman waliitofautisha na ya kwanza mwaka 1986. Ndani ya seli hizo protini iitwayo GATA3 hushika usukani wa jeni na kuzielekeza zitoe IL-4, IL-5 na IL-13. Mfumo huu wote unaelekea kuwa ulijengeka kwa ajili ya kupambana na minyoo, ambayo haiwezi kumezwa na seli, na hivyo hutolewa kwa ute, kwa misuli inayojikaza na kwa seli zenye kemikali kali. Ukizitazama dalili za pumu utaziona hatua hizohizo zikichukuliwa mahali ambapo hakuna mnyoo.

IL-4 huziagiza seli B zitengeneze IgE, kingamwili iliyogunduliwa na Kimishige na Teruko Ishizaka nchini Marekani, na kwa kujitegemea na S. G. O. Johansson na Hans Bennich nchini Sweden, katika miaka ya 1966 na 1967. IgE hukaa katika damu kwa siku chache tu, lakini ikishajishikiza juu ya seli masti hukaa wiki nyingi ikisubiri. Kizio kinapoziunganisha IgE mbili zilizo jirani, vipokezi vyake hukusanyika, kimeng'enya cha Lyn huviwekea alama ya fosfati, kingine kiitwacho Syk hudaka alama hiyo, kalsiamu hufurika ndani ya seli, na vifuko vya histamini hupasukia nje. Yote haya huchukua dakika chache. Lukotrini, ambazo Bengt Samuelsson alizipa jina hilo mwaka 1979, hufuata na kukaza misuli ya njia za hewa kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko histamini. Baada ya saa kadhaa hutokea wimbi la pili, linaloletwa na eosinofili na seli T zilizoitwa na wimbi la kwanza. Na hapa pia pana kizuizi: juu ya seli masti kuna kipokezi cha kingamwili za IgG ambacho, kikivutwa karibu na kile cha IgE na kizio kilekile, huleta kimeng'enya cha SHIP kinachofuta alama za fosfati kabla hazijafika mbali. Seli masti inasikiliza amri mbili kwa wakati mmoja, na uwiano wake ndio unaoamua kama mtu atabanwa.

Wimbi la pili ndilo linaloacha uharibifu. IL-13 hupita kwenye kipokezi chake, huiamsha protini ya STAT6, na seli za utando huacha kazi ya kusafisha na kugeuka kuwa viwanda vya ute mzito wenye protini ya MUC5AC. IL-5 huziamuru eosinofili zikomae ndani ya uboho na kuingia katika damu, na kemikali za eotaksini huzivuta hadi mapafuni. Anayeyatazama makohozi ya mgonjwa kwa hadubini huweza kuona vijiwe vyembamba visivyo na rangi, vilivyochongoka ncha zote mbili, ambavyo daktari Charcot alivieleza mwaka 1853 na daktari Leyden akavihusisha na pumu mwaka 1872. Kwa zaidi ya karne moja vilichukuliwa kuwa mabaki tu ya eosinofili zilizokufa. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba vijiwe hivyo, ambavyo ni fuwele za protini ya galektini ya 10, vyenyewe huchochea kinga na kuongeza utoaji wa ute katika mapafu ya panya, na kwamba kingamwili zilizotengenezwa maabara huweza kuviyeyusha. Yaani kile kilichodhaniwa kuwa jivu la moto kilikuwa bado kinawaka. Aidha kimeng'enya cha eosinofili huzifungamanisha nyuzi za ute hadi zikawa kama gundi, na vizibo vya ute wa namna hii huonekana kwenye picha za CT vikiwa vimeziba njia za hewa za wagonjwa kadhaa wenye pumu kali kwa miaka, hata wasipokuwa na shambulio.

Nimechukua nafasi kubwa kueleza njia hizi kwa sababu hitimisho la kitabibu limo ndani yake. IL-5 na IL-13 hutoka kwenye seli zilezile, lakini zinafanya kazi tofauti na zinapimwa kwa vipimo tofauti. Wingi wa eosinofili katika damu unaeleza zaidi habari za IL-5. Kiwango cha nitriki oksaidi katika pumzi kinaeleza zaidi habari za IL-13, kwa kuwa saitokini hiyo ndiyo inayoiamsha jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza gesi hiyo katika seli za utando. Mgonjwa anayepewa mepolizumabu, dawa inayoinasa IL-5, eosinofili zake hushuka sana katika damu huku nitriki oksaidi yake ikibaki karibu palepale. Anayepewa dupilumabu, inayoziba kipokezi kinachotumiwa na IL-4 na IL-13, nitriki oksaidi hushuka, ilhali eosinofili za damu zinaweza kupanda kwa muda. Daktari asiyejua ishara angeogopa na kudhani dawa imeharibu. Anayejua ataelewa kwamba eosinofili bado zinatengenezwa katika uboho, ila wito wa kuzitoa kwenye damu na kuziingiza mapafuni umekatwa, na hivyo atafuatilia kwa makini bila kukimbilia kuisitisha dawa.

Historia ya dawa hizi inapaswa kufundishwa kwa kila anayependa kutangaza ushindi mapema, na pia kwa kila anayependa kutangaza kushindwa. Jaribio la mwaka 2000 la kingamwili dhidi ya IL-5, lililofanywa kwa watu wenye pumu isiyo kali, lilionyesha kwamba eosinofili zilipungua sana lakini njia za hewa ziliendelea kubana vilevile baada ya kuvuta kizio. Wengi wakahitimisha kwamba eosinofili hazina hatia. Mwaka 2009 yakachapishwa majaribio mawili madogo yaliyochagua wagonjwa kwa namna nyingine: wale ambao eosinofili zao ziliendelea kuonekana kwenye makohozi licha ya kutumia steroidi, dawa za kutuliza mchochota. Kwao dawa ileile, mepolizumabu, ilipunguza mashambulizi makali katika jaribio moja, na katika jingine iliwawezesha wagonjwa kupunguza vidonge vya steroidi. Mepolizumabu ikaidhinishwa nchini Marekani mwaka 2015. Ishara ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mgonjwa aliyechaguliwa na kipimo kilichotumika ndivyo vilivyokosewa.

Upande wa IL-13 mambo yalikwenda kinyume. Lebrikizumabu na tralokinumabu, zinazoinasa IL-13 peke yake, zilifika hatua ya mwisho ya majaribio ya pumu na matokeo yakakosa uthabiti, hata yakaachwa. Dawa zilizoilenga IL-4 peke yake zilikuwa zimeshindwa kabla ya hapo. Dupilumabu, inayozizuia zote mbili kwenye kipokezi kimoja, ilifaulu na kuidhinishwa kwa pumu mwaka 2018. Maelezo ninayoyaona kuwa na mantiki zaidi ni kwamba katika mapafu saitokini hizi mbili hushika nafasi ya mwenzake, kwa hiyo kuzuia moja ni kufunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili. Lakini lebrikizumabu na tralokinumabu zilezile leo zinatibu ukurutu wa mzio kwenye ngozi. Saitokini ni moja, mwili ni mmoja, na jibu linatofautiana kwa kila kiungo. Hili linanifanya niwe na mashaka makubwa na maandishi yanayozungumzia mzio kana kwamba ni ugonjwa mmoja uliohama kutoka ngozini kwenda puani na kisha mapafuni bila kubadilika.

Tezepelumabu, iliyoidhinishwa Desemba 2021, inapanda ngazi ya juu zaidi na kuinasa TSLP. Kwa kuwa imekata ishara karibu na chanzo, hushusha eosinofili, nitriki oksaidi na IgE kwa pamoja, na imewasaidia hata baadhi ya wagonjwa wasio na dalili za mzio. Ingeonekana basi kwamba kupanda juu zaidi ndiyo njia. Sina uhakika huo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, kingamwili dhidi ya IL-33 ilisaidia ilipotumiwa peke yake, lakini ilipounganishwa na dupilumabu haikuonyesha faida zaidi ya dupilumabu yenyewe. Kuzidisha vizuizi hakukuzidisha udhibiti.

Kuna uhusiano mwingine wa ishara ambao sioni ukielezwa vya kutosha kwa wagonjwa, nao ni ule wa mzio na virusi vya mafua ya kawaida. Wazazi wengi hushangaa kwa nini mtoto mwenye pumu, ambaye mzio wake umekuwa mtulivu, huishia hospitalini baada ya mafua ambayo nduguze waliyapita bila shida. Sehemu ya jibu ni kwamba njia ya mzio na njia ya kupambana na virusi huzuiana. IgE zinapounganishwa juu ya seli dendriti za aina ya plasmasitoidi, seli hizo hushindwa kutoa intaferoni, protini ya kupambana na virusi, ya kutosha virusi vinapoingia. Nazo seli za utando za baadhi ya watu wenye pumu zimeonekana kutoa intaferoni pungufu. Virusi hupata nafasi, hupasua seli, IL-33 humwagika, na mchochota wa mzio huwaka upya. Omalizumabu, dawa ya kuinasa IgE iliyoidhinishwa mwaka 2003, imepunguza mashambulizi ya msimu wa mafua kwa watoto wenye mzio, na pale watafiti walipopima, uwezo wa seli za watoto hao kutoa intaferoni ulikuwa umeongezeka. Dawa ya kupunguza sehemu moja ya kinga iliiwezesha sehemu nyingine kufanya kazi yake. Kwa mtu anayeiona kinga kama nguvu moja, matokeo haya hayana maelezo kabisa.

Ndiyo maana sikubaliani na bidhaa zinazouzwa kwa ahadi ya kuongeza kinga kwa watu wenye mzio. Ni kinga ipi inayoongezwa? Kama ni ile ya aina ya pili, mgonjwa ataumia. Kama ni ile ya kudhibiti, basi muuzaji aonyeshe ni seli gani na ishara gani. Ushahidi uliopo kuhusu kuzuia pumu mapema unaelekeza kwenye udhibiti. Watoto wa jamii ya Amish nchini Marekani, wanaokua karibu na mifugo katika kilimo cha kijadi, wana pumu kwa takriban asilimia 5, ilhali watoto wa jamii ya Hutterite, wenye asili na maisha yanayofanana nao lakini wenye kilimo cha mashine, wana takriban asilimia 21. Katika utafiti wa mwaka 2016 vumbi la nyumba za Amish liliwakinga panya na mchochota wa mapafu, na panya waliokosa njia za MyD88 na TRIF, ambazo hubeba ishara za bakteria, hawakupata kinga hiyo. Mwaka mmoja kabla yake utafiti mwingine ulikuwa umeonyesha kwamba vumbi la shambani na sumu ya bakteria kwa kiasi kidogo cha mara kwa mara huzifanya seli za utando zitengeneze protini ya A20, ambayo kazi yake ni kufifisha ishara za mchochota. Ilipoondolewa kwenye seli hizo, kinga ikatoweka. Utando uliozoea kelele hujifunza kutopiga ukelele kwa kila kitu. Sisemi kwamba mtoto mwenye pumu apelekwe kwenye zizi, maana ugonjwa ukishajengeka vumbi hilohilo huweza kumdhuru.

Kwa kipimo hiki cha udhibiti, tabia ya kutibu pumu kwa salbutamoli peke yake haiwezi kutetewa. Dawa hiyo hulegeza misuli ndani ya dakika, na katika shambulio huokoa maisha, jambo ambalo hakuna anayelibisha. Lakini haigusi TSLP, haigusi IL-13, haipunguzi eosinofili hata moja. Mgonjwa hupumua vizuri huku kuta za njia zake za hewa zikiendelea kuvimba, na nafuu yenyewe humficha hatari. Mpango wa kimataifa wa pumu unaojulikana kama GINA uliacha mwaka 2019 kupendekeza dawa za kulegeza misuli za muda mfupi zitumike bila steroidi, ukieleza pia kwamba kumaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka kunaambatana na hatari zaidi ya mashambulizi, na 12 au zaidi kunaambatana na hatari zaidi ya kifo. Steroidi ya kuvuta hufanya kile ambacho salbutamoli haiwezi: huingia ndani ya kiini cha seli pamoja na kipokezi chake na kuita vimeng'enya vinavyozifunga jeni za mchochota. Anayemwambia mgonjwa aogope steroidi ya kuvuta kwa dozi ya kawaida na aendelee kujipulizia dawa ya kulegeza misuli kila siku anampa ushauri wa hatari, na wahudumu wa afya wanapaswa kulisema hilo bila kumung'unya maneno. Ni kweli kwamba steroidi haimfikii kila mtu. Seli za ILC2 zilizoathiriwa na TSLP huweza kuwa sugu kwake, na hao ndio wanaohitaji kingamwili nilizozitaja.

Linabaki swali ambalo majaribio mengi ya dawa hayaliulizi. Wagonjwa waliotumia mepolizumabu kwa miaka 3 au zaidi walipobadilishiwa na sindano isiyo na dawa katika jaribio lililopangwa mahususi, walipata mashambulizi mengi kuliko walioendelea nayo. Dawa ilikuwa imekata ujumbe, lakini seli T zenye kumbukumbu zilizohamia mapafuni na kukaa humo hazikuwa zimesahau kitu. Tiba ya kumzoesha mgonjwa kizio kwa dozi zinazoongezeka, iliyoelezwa na Leonard Noon mwaka 1911, ina hatari zake na haifai kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa. Ila huongeza seli T dhibiti, IL-10 na kingamwili za IgG4, na utafiti wa mwaka 1999 kwa wagonjwa wa mzio wa chavua ya nyasi ulionyesha kwamba faida yake iliendelea kwa angalau miaka 3 baada ya sindano kusitishwa. Mepolizumabu huzuia wanaosema, tiba ya kuzoesha hubadilisha wanaosikiliza. Kwa hiyo kila jaribio la dawa mpya ya mzio wa mapafu linapaswa kupangwa tangu mwanzo likiwa na kipindi cha kusitisha dawa chini ya uangalizi, chenye vipimo vya eosinofili, nitriki oksaidi na seli T dhibiti kabla na baada, na mamlaka za kuidhinisha dawa zisikubali faili ambalo limeishia siku ya sindano ya mwisho.